Henry kasimama porini, gadi hajashuka: kipindi cha Thomas kilichomkosesha raha baba yangu

BintiGadi

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, yule mhudumu anayekaa behewa la mwisho, Reli ya Kati, miaka ishirini na kitu. Siku hizi anakaa nasi hapa Morogoro. Mwanangu wa miaka mitano ana wazimu wa treni, kwa hiyo nimemwekea kwenye tableti vipindi vya zamani vya Thomas and Friends, vile vya vichwa vidogo vya mfano vinavyotembea kwenye reli za mfano, si hivi vya kompyuta. Baada ya magharibi babu na mjukuu hukaa barazani wakatazama pamoja. Kiingereza cha baba ni cha kitabu cha kanuni za reli, alichokikariri ili afaulu mtihani wa ugadi, na kinamtosha kabisa. Anamtafsiria mtoto na hapohapo anamfundisha: breki ya mkono iko wapi, bendera ya kijani inapeperushwa vipi, mabehewa yanaunganishwaje.

Jumamosi wakafika "Henry's Forest". Kwa asiyekumbuka, Henry ni kile kichwa kikubwa cha kijani. Anaupenda msitu ulio kando ya njia, una miti mikongwe na mingine ya kupandwa, na wanyama wengi. Hupenda kusimama pale akatulia. Usiku mmoja dhoruba inapiga, miti inaanguka, wanyama wanakosa makao, Henry anavunjika moyo. Mkuu wa reli, yule mnene mwenye kofia ndefu, anaamua msitu usafishwe na kupandwa upya. Kichwa kingine, Toby, na wenzake wanasaidia, msitu unarudi.

Henry aliposimama tu pale msituni, baba akanyoosha mkono akasimamisha video.

"Gadi yuko wapi?"

Mtoto akadhani ni kitendawili, akaanza kumtafuta gadi kwenye picha kwa kidole.

Baba akarudisha nyuma, akatazama tena. Treni iko njia kuu, katikati ya stesheni na stesheni, imesimama kwa sababu kichwa kimependa miti, na hakuna aliyeshuka. "Nyuma kunakuja nini? Nani amekwenda kuwaambia?" Waliendelea mpaka mwisho, lakini hamu ilikuwa imemwisha. Alisema tu kwamba aliyeandika hii hajawahi kulala kwenye behewa la gadi.

Mimi sikuwa na kanuni yoyote kichwani, lakini niliumia kwa sababu yangu. Nikiwa darasa la tatu nilisafiri naye. Usiku, tumeshapita Kilosa, treni ikakwama. Watu wakaanza kuchungulia madirishani na kuulizana. Baba akachukua taa yake na mfuko, akaniambia nisitoke, akashuka. Nikaiona taa inakwenda kule tulikotoka. Ikawa ndogo, ikawa kama sigara, ikapotea kwenye kona. Mama mmoja jirani yangu akanipa kashata. Sikuila. Niliishika mkononi mpaka taa ile ilipoonekana tena, na hapo ilikuwa imeshayeyuka. Nilipomuuliza alikuwa anafanya nini, alijibu, "Nilikuwa nawaangalia wanaokuja."

Kwa hiyo nikatafuta. Vitabu ambavyo Thomas alitoka viliandikwa na padri wa Kianglikana, Wilbert Awdry. Alianza kwa kumsimulia mwanawe Christopher aliyekuwa mgonjwa wa surua, na kitabu cha kwanza kikatoka 1945. Huyu bwana alizijua reli hasa. Alitaka kila mkasa uwe na asili yake katika jambo lililowahi kutokea kwenye reli ya kweli. Sasa nikajiuliza, mtu wa namna hiyo amekosaje kumwona gadi?

Kumbe hakuiandika yeye. "Henry's Forest" ni ya msimu wa 3, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati watengenezaji walipoanza kuchanganya hadithi za vitabu na za kutunga wenyewe. Hii waliitunga Britt Allcroft na David Mitton. Na Awdry alipoiona alilalamika kitu kilekile alicholalamikia baba yangu barazani Morogoro: treni haisimamishwi njia kuu kwa matembezi, na ikisimama kuna kanuni. Nilipomsomea baba habari hiyo alinyamaza kidogo, akauliza, "Padri huyo yu hai?" Nikamwambia alifariki 1997. Akasema, "Mungu amrehemu."

Ninachoomba ni mawazo yenu. Je, tunakosea kutaka kipindi cha mtoto kifuate kanuni za reli? Mimi naona hapana, lakini mume wangu anasema tumezidisha.

Kiberenge

Dada umenigusa. Mimi ni mtu wa ishara na mawasiliano ya reli, niko kazini mpaka leo. Mzee mpe shikamoo yangu.

Kanuni aliyoitaja Awdry kwa Waingereza iliitwa Kanuni ya 55. Kwa maneno ya kawaida: treni ikizuiliwa kwenye ishara, dereva anapiga filimbi. Asipopata ruhusa, mmoja wa wahudumu wa treni anakwenda kwa miguu mpaka kibanda cha ishara kumkumbusha mwenye zamu kwamba "tupo hapa". Anatia saini kwenye daftari la treni, na anahakikisha ile pete ya kuzuia imevishwa kwenye wenzo wa kuendeshea ishara, humo kibandani, ili mwenye zamu asiweze kuuvuta kwa kusahau. Kukiwa na ukungu au theluji hangoji, anakwenda mara moja. Ukiacha hiyo, kuna wajibu wa gadi kuilinda treni kwa nyuma, ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya mzee ule usiku wa Kilosa. Katika mfuko ule bila shaka kulikuwa na vile vibaruti vinavyofungwa juu ya reli. Treni ikivikanyaga vinalipuka, dereva anajua mbele kuna hatari hata kama hajaona taa.

Mtu anaweza kusema ni urasimu. Basi asikilize habari ya Quintinshill, Uskoti, tarehe 22 Mei 1915. Treni ndogo ya abiria iliwekwa kwenye njia kuu isubiri, nje kabisa ya kibanda cha ishara. Mchochea moto wake alikwenda kibandani kama kanuni inavyotaka, akasaini daftari, akaondoka. Pete hazikuvishwa na hakuhakikisha. Mwenye zamu akaisahau treni iliyokuwa imesimama mbele ya macho yake, akaruhusu treni ya wanajeshi. Ikaigonga. Muda mfupi baadaye treni ya mwendo kasi kutoka upande wa pili ikaingia kwenye mabaki. Mabehewa yalikuwa ya mbao na taa za gesi, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao askari vijana.

Awdry alikuwa na umri wa miaka minne mwaka ule, akakua katika nchi ambayo kila mtu wa reli aliijua hadithi hiyo. Ndiyo maana hakuweza kutazama Henry akisimama porini akatabasamu.

Na sisi hatuna haja ya kwenda Uskoti. Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma yenyewe ikagonga ya mizigo. Watu 281. Nadhani mzee alipouliza nyuma kuna nini, hakuwa akiuliza habari ya katuni.

BintiGadi

Asante sana kaka Kiberenge. Ni kweli, Igandu kwetu haitajwi wakati wa kula. Kuna aliowafundisha kazi waliokuwa zamu zile siku.

mama_pacha

Dada, shikamoo ya mzee ifike kutoka Lushoto. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima.

Wanangu pacha wana miaka minne. Kipindi hichohicho cha msitu ndicho wanachokipenda kuliko vyote, na mimi nimekishukuru mara nyingi. Huku kwetu mvua za mwaka jana ziliangusha miti juu ya nyumba yetu, mmoja mkubwa ambao babu yao aliupanda. Walilia kama kafa mtu. Nikawaonyesha Henry. Wakaona kwamba hata kichwa cha treni kinaweza kuhuzunikia mti, na kwamba miche hupandwa. Tukapanda parachichi mbili palepale, kila mmoja wake, na wanaimwagilia kwa vikombe vyao vya chai mpaka navifungia kabatini.

Halafu mtazameni huyo Henry vizuri. Katika vipindi vya mwanzo ni mtu wa kujitazama. Amekataa kutoka kwenye handaki kwa kuogopa mvua isimharibie rangi, wakamjengea ukuta humo ndani. Sasa hapa kwa mara ya kwanza anapenda kitu kisichokuwa yeye. Mtoto wa miaka minne hajui njia kuu ni nini wala kibanda cha ishara ni nini. Anachojua ni kwamba Henry alisikitika akasaidiwa. Mkikiita kipindi kibovu kwa sababu ya gadi, mnakionea.

BintiGadi

Mama pacha, sikukiita kibovu, na hiyo habari ya parachichi imenitoa machozi. Ule upande wa msitu ni mzuri, hata baba alikiri miti imetengenezwa vizuri mno. Ndiyo maana nimeudhika zaidi, maana kipindi kibovu cha kawaida ningekifuta nikasahau.

Ninachodai ni sekunde kumi. Henry anasimama, mtu mmoja anashuka behewa la mwisho na bendera nyekundu, anatembea kurudi nyuma. Msimuliaji aseme sentensi moja. Halafu Henry na apende miti yake mpaka achoke. Wanao wangepoteza nini? Wangeupata msitu, na wangejua pia kwamba ukisimama kupumzika kuna mwenzio anayebaki macho kwa ajili yako.

Tena unasema mtoto hajui kibanda cha ishara. Wangu hakujua Jumamosi. Jumapili alijua.

Fundi Pangani

Nimekuja mbio, hii mada ni yangu. Nimevitazama vyote na watoto watatu waliofuatana, na kwa maoni yangu Henry ndiye aliyeonewa kuliko wote katika mfululizo ule, na si kwa msitu. Aliyemwonea ni kipindi kinaitwa "Henry's Happy Coal", msimu wa 15, mwaka 2011, enzi za kompyuta. Humo Henry amerudishwa kuwa kichwa kinachougua bila makaa yake maalumu.

Kwa wasiojua, habari ya makaa ilishaisha zamani, na iliisha kwa namna nzuri ajabu. Iko katika kitabu cha 1951, na katika televisheni ni msimu wa kwanza, 1984, msimuliaji akiwa Ringo Starr. Henry hana nguvu, kila mtu anamwona mvivu. Mchochea moto wake anamweleza mkuu wa reli kwamba tanuri la Henry ni dogo, haliwezi kutoa joto la kutosha kwa makaa ya kawaida. Wanamletea makaa ya Wales. Hayo ni makaa ya kweli na sababu ni ya kweli: makaa ya mvuke ya Wales Kusini yanatoa joto kali na moshi kidogo, kwa hiyo hata tanuri dogo linapata stimu. Mtoto anaambiwa kwa maneno mepesi kabisa kwamba aliyeitwa mvivu alikuwa na tatizo la mwili. Nina mtoto mwenye selimundu. Kipindi hicho tumekitazama sijui mara ngapi.

Kisha ndiyo kinakuja "The Flying Kipper". Henry anavuta treni ya samaki alfajiri ya theluji. Theluji imeielemea ishara ikashuka ikaonyesha njia nyeupe wakati haikuwa nyeupe, na swichi ya kugeuza njia imeganda. Henry anapinda kwenye njia ya pembeni anaigonga treni ya mizigo iliyokuwa inasubiri. Anapelekwa karakana ya Crewe, anaundwa upya, anarudi na umbo jipya na tanuri la kutosha, na makaa maalumu hayahitaji tena. Jamani amepona! Mwanangu alipiga makofi.

Sasa leta 2011. Amepona miaka 27 kwenye televisheni na 60 kwenye vitabu, halafu waandishi wanataka kisa cha dakika kumi, wanamrudishia ugonjwa kana kwamba hakuna aliyetazama mwanzo. Mwanangu wa kati akaniuliza, "Baba, si alipona?" Nilikosa jibu. Kwa mtoto wetu lile halikuwa swali la katuni.

Kiberenge, wewe unaijua asili ya ile ajali ya samaki?

Kiberenge

Pole na hongera kwa malezi, Fundi. Naijua. Abbots Ripton, Uingereza, Januari 1876. Theluji iliganda kwenye ishara zikabaki zinaonyesha njia salama hata baada ya mwenye zamu kurudisha wenzo wake. Treni ya mwendo kasi ikaigonga ya makaa, kisha nyingine ikaja ikagonga mabaki. Enzi hizo desturi ilikuwa ishara ikae salama mpaka kuwe na sababu ya kuzuia. Baada ya hapo wakageuza: ishara ikae hatari mpaka treni iruhusiwe. Hata sisi tumerithi mtindo huo.

Utaona alivyofanya Awdry. Alichukua ajali iliyoua watu akaitoa sumu. Hakuna anayekufa kwenye hadithi yake, wahudumu wa treni ya mizigo wako kwenye behewa la gadi wanakunywa kakao. Lakini chanzo chake kakiacha kamili: baridi, ishara, swichi. Mtoto anacheka samaki kumwagika huku ameshajifunza kwa nini ishara inaweza kudanganya.

Na la umbo jipya lina kisa chake. Mchoraji wa vitabu alikuwa anamchora Henry akifanana na kichwa kingine, Gordon, mpaka wasomaji wanachanganya. Awdry akachoka, akamtia kwenye ajali ili arudi na sura yake mwenyewe, ile ya vichwa vya Black Five, moja ya aina zilizotegemewa sana na reli za Uingereza. Alitengeneza kosa la mchoraji kwa njia ambayo reli yenyewe ingeitumia, karakana.

MwanaVoi

Hamjambo kutoka Voi. Naomba nami nitoe langu kabla uzi haujafungwa.

Filamu yao ya 2018, ile Thomas anazunguka dunia, mimi niliinunua siku nilipoiona kwa sababu ya Nia. Kichwa cha rangi ya chungwa kutoka Kenya, jina la Kiswahili safi, sauti ni ya Yvonne Grundy, mzaliwa wa Kenya. Na wamemtengeneza kwa mfano wa vichwa halisi vya Kenya and Uganda Railway, vile vidogo vya ED1 vya kupanga mabehewa. Hapo niliwavulia kofia. Binti yangu anaitwa Nia. Hebu fikirini furaha ya nyumba ile.

Halafu Thomas anashuka Dakar na kuvuta mabehewa mpaka Dar es Salaam, anakata Sahara na nyika kama anayetoka hapa kwenda Mtito Andei. Binti akaniuliza Dakar ni siku ngapi kwa treni. Ilibidi nimwambie hakuna njia hiyo. Haijawahi kuwepo. Tena Thomas ni wa reli ya kiwango (standard gauge), upana wa milimita 1,435, na Reli ya Kati ya ndugu zetu Tanzania ni ya mita moja, TAZARA ni 1,067. Angefika mpakani magurudumu yakakosa pa kukaa. Wangeweza kuonyesha mizigo ikihamishwa kutoka behewa hadi behewa, jambo linalofanyika kweli kwenye reli, na watoto wangependa kwa sababu winchi zinapendwa.

Nilimpeleka makumbusho ya reli Nairobi nikamwonyesha kichwa kikubwa cha mvuke aina ya Garratt, jina lake Mount Gelai, tani 252 za chuma zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa. Aliweka kiganja kwenye gurudumu akakaa nacho hapo. Hakuuliza tena habari ya Dakar.

mama_pacha

Nimesoma yote taratibu. Kwa hiyo nirekebishe kauli: sidhani tena mnakionea. Bado kwangu kitabaki, lakini nitakuwa nasimamisha pale anaposimama Henry na kuwaambia kuna mtu ameshuka, hatumwoni tu. Dada, nianze na kipi kingine?

BintiGadi

Anza na "Coal", ufuate na "The Flying Kipper", usipindue mpangilio. Baadaye nenda msimu wa 4, wa katikati ya miaka ya 1990. Walirudi kwa kiasi kikubwa kwenye vitabu vya Awdry, kuna vichwa vya njia nyembamba vya milimani, na baba anavipenda kuliko vya njia kuu.

Naleta pia mrejesho. Jana nilimwekea baba "The Flying Kipper". Ishara ilipoelemewa na theluji akasogea mbele kwenye kiti. Ajali ilipotokea hakusimamisha video. Baadaye akamweleza mjukuu kuhusu ishara, kwa Kinyamwezi kidogo na Kiswahili kingi, akitumia mkono wake mwenyewe kama mkono wa ishara, kofia yake ikiwa theluji.

Leo jioni nimekuta viti vyote vya chakula vimepangwa mstari mmoja ukumbini. Umeme ulikuwa umekatika. Mtoto alishuka kiti cha mwisho na tochi ya simu yangu, akatoka barazani, akashuka ngazi, akaenda peke yake mpaka karibu na geti, yeye ambaye haendi chooni usiku bila kushikwa mkono. Akainama akapanga vizibo vya soda chini. Akasimama pale anatazama njia. Babu kwenye kiti cha mbele akamwacha kwa muda, kisha akapiga mluzi mrefu wa kumwita arudi.

Kiberenge

Mwambie mzee asimwite mpaka vizibo vitatu viwe vimekaa.